Fremu ya Mama

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na petroli huwaumiza watu wengi kichwa. Mimi hunitia njaa. Wiki iliyopita fundi alikuwa anapaka rangi geti la jirani yetu, nami nimekaa kibarazani nachagua mchele. Upepo ulipogeuka, ile harufu ikaniingia puani, na kabla sijajua nawaza nini mate yalikuwa yamenijaa mdomoni, natamani usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga na wali wa moto. Mume wangu akacheka. Nilishindwa kumweleza haraka, maana ili aielewe njaa ile ilibidi nimpeleke kwanza Bondeni, Kyela mjini, mwisho wa wiki mmoja ambao sijawahi kuumaliza moyoni.

Sisi ni watu wa Ikombe. Ukisimama Matema ukatazama upande wa pili utaona milima imeshuka mpaka ikatumbukiza miguu ziwani. Kijiji chetu kimejibanza hapo chini, na kwenda popote ni kwa mtumbwi. Wanawake wa kwetu hufinyanga vyungu. Mama alikuwa akifinyanga ameinama, anakizunguka chungu yeye mwenyewe kama anayecheza nacho ngoma, kisha anakisugua kwa kokoto ya ziwani mpaka kinang'aa, anakipaka udongo mwekundu shingoni na kukichora vistari vyeupe. Mikono yake ilinukia udongo na moshi hata siku ya kwenda kanisani. Nilidhani akina mama wote duniani wananukia hivyo.

Kabla ya safari ninayoisimulia, baba aliumwa kifua. Walimpakia kwenye mtumbwi amefunikwa blanketi, akanipungia kwa vidole tu. Mama alikwenda naye. Mama mdogo Sekela, mdogo wake mama, akaja kutoka Kyela kukaa nami, na kila nilipomuuliza alinipakata akanijibu, "Baba amelala hospitali. Atarudi." Siku moja watu wakajaa uani. Nikawasikia wanaambiana, "Akifika, kila kitu kiwe tayari." Nikajua ni baba huyo. Nikaoga mwenyewe, nikavaa gauni langu la Krismasi, nikakaa kwenye jiwe kumsubiri. Mtumbwi ulipofika wanawake walipiga yowe, mtu mmoja akaninyanyua akanipeleka nyumba ya mbali nikacheze na watoto.

Niliporudishwa, baba hakuwepo. Kilichokuwepo ni picha yake kubwa juu ya meza, imewekwa kwenye fremu ya kioo, na watu wanapita mbele yake wameinamisha vichwa. Nilimsikia mwanamke akimsifu mama mdogo kwamba amejitahidi kuleta ile fremu kutoka mjini. Picha yenyewe niliifahamu. Nyumbani tulikuwa na picha ndogo ambayo baba na mama walipiga studio, wamesimama mbele ya maporomoko ya maji ya kuchorwa, baba amevaa koti la kuazima na mama gauni lenye kola pana. Huko mjini walikuwa wamemtoa baba kwenye ile picha, wakamkuza, wakamwacha mama.

Hakuna aliyenieleza neno, basi nikajieleza mwenyewe. Mtu akiwa kwenye picha ndogo, yupo. Akikuzwa na kupewa fremu, ndiyo basi, hutamwona tena akitembea. Sikuwa nimeanza hata darasa la kwanza, lakini jambo hilo nilikuwa na uhakika nalo kama nilivyokuwa na uhakika kwamba ziwa ni maji.

Baadaye mama akapata mtu wa Tukuyu aliyetaka vyungu vingi. Tukavuka kwa mtumbwi Ijumaa asubuhi, vyungu vimefungwa kwa nyasi kavu ndani ya matenga, kisha tukapanda gari la mizigo la watu wa mchele mpaka Kyela. Mama alinikabidhi kwa mama mdogo Sekela mlangoni, hata maji hakunywa, maana gari lilikuwa linapiga honi.

"Jumapili narudi," akaniambia. "Msikilize mama yako mdogo, na usimsumbue Tusa."

Tusa alikuwa binti wa mama mdogo, ananizidi umri kidogo na ananizidi maneno sana. Yeye ndiye aliyenitembeza Bondeni, na mpaka leo, nikipita mji wowote, naupima kwa matembezi yale.

Mama alikuwa amenidokeza kwamba Bondeni kila mtu ana kitu mkononi. Nilidhani ananisimulia hadithi, kumbe ndivyo. Asubuhi ya Jumamosi tulipotoka tu mlangoni tulikutana na mlio wa vyerehani. Mama mdogo mwenyewe alikuwa fundi, anashona na wenzake kwenye baraza moja ndefu, na vyerehani vyao vyote vilikuwa vinakimbia kwa wakati mmoja kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Vipande vya vitenge vilikuwa vimetapakaa miguuni mwao. Tusa akaniokotea rangi niliyoitaka, nikajifunga kichwani. Mbele kidogo palikuwa na mafundi seremala wanachonga miguu ya vitanda, wanatoboa maua kwenye ubao kwa patasi ndogo, na takataka za mninga zinaruka nyekundu na kunukia vizuri. Jirani yao mzee mmoja alikuwa anakata mabati ya makopo ya mafuta ya kula, anayageuza kuwa vibatari. Nikaona alama ya kopo bado ipo ubavuni mwa kibatari, nikamwambia Tusa kwamba hiki kibatari zamani kilikuwa na kazi nyingine. Tusa akasema, "Huku kila kitu zamani kilikuwa na kazi nyingine."

Tulipita kwa mafundi baiskeli. Kyela ni tambarare, na siku zile baiskeli ndizo zilizokuwa teksi za mji; kila mwenye yake aliipamba kama bibi harusi. Walizitia maua ya plastiki kwenye usukani, wakavivika viti nyuzi za rangi zinazoning'inia, na nyuma ya gurudumu wakafunga kipande cha mpira kilichoandikwa maneno. Tusa alikuwa anajua kusoma, akanisomea: "Taratibu Mwanangu." "Shemeji Usinune." "Mchele Umelipa." Nyuma ya kanisa kwaya ilikuwa inafanya mazoezi na kinanda cha betri. Kijana alibonyeza kidude, ngoma zikalia zenyewe bila mpigaji, nami nikachungulia chini ya meza kumtafuta aliyejificha. Wanakwaya wakacheka wote, hata mwalimu wao. Nikafurahi kwamba nimewafurahisha, ingawa sikujua kwa nini.

Kilichonitisha ni vichwa. Kwenye ukuta wa kinyozi palikuwa na vichwa vya wanaume vimepangwa, vikubwa kuliko changu, kila kimoja kimenyolewa kwa namna yake. Kwenye saluni palikuwa na vichwa vya wanawake. Kwenye bucha palikuwa na ng'ombe mzima anatabasamu. Nikasimama mbele ya kinyozi nikainamisha kichwa, kama nilivyoona watu wakifanya mbele ya baba.

"Unafanya nini?" Tusa akauliza.

"Nawapa pole."

"Pole ya nini, wewe wa Ikombe?" Akacheka mpaka akashika tumbo, akanivuta mkono twende. Mimi niliwaza tu kwamba Bondeni wamefiwa sana, tena wamefiwa mpaka na ng'ombe.

Aliyechora vichwa vile aliitwa Ambokile. Tulimkuta mbele ya chumba kimoja cha biashara kilichofungwa, kando ya barabara, hatua chache kutoka baraza la vyerehani. Alikuwa mtu mrefu, suruali yake imejaa madoa ya rangi zote za mji. Alikuwa ameupaka ukuta rangi ya bluu hafifu, amenyoosha uzi uliopakwa chaki, anauvuta na kuuachia, pa! mstari ulionyooka unabaki ukutani. Rangi alizichanganyia kwenye mifuniko ya makopo, brashi akizisafisha kwa petroli. Hapo ndipo niliponusa ile harufu kwa mara ya kwanza, nikaipenda mno. Akaniachia nivute uzi mara moja. Pa! Mstari wangu ukatokea mbele ya macho yangu. Sidhani kama nimewahi kufanya kazi nyingine iliyonipa fahari ya haraka kiasi kile.

"Huyu ndiye wa dada?" akamwuliza mama mdogo, aliyekuwa amekuja na futi yake shingoni.

"Ndiye." Mama mdogo akaniambia, "Nenda kacheze na Tusa pale kwenye mchanga." Kisha akasogea karibu na Ambokile na kushusha sauti. Lakini mtoto akiambiwa aende kucheza kwa sauti ya namna ile, masikio hubaki nyuma.

"Fremu ya dada nimeshaipata," mama mdogo alisema. "Yeye mwenyewe anafika kesho. Nataka akifika kila kitu kiwe tayari. Na picha yake uikuze, ijae hapa mbele, watu wote waione."

"Una picha yake?"

"Ninayo hii hapa. Mtoe yeye peke yake."

"Na mtoto anajua?"

"Usimwambie mtoto chochote. Naomba sana."

Nyie mnaosoma mnaelewa. Fremu Bondeni ni chumba cha biashara, kile chenye mlango unaotazama barabara. Kila mtu mjini anasema hivyo. Mama mdogo alikuwa amechoka kuona dada yake, tangu awe mjane, akizunguka na matenga kwenye magari ya mizigo, akamtafutia mahali pa kuuzia vyungu vyake, na alitaka iwe habari ya kumshtukiza akitoka Tukuyu. Mtoto asiambiwe kwa sababu mtoto angemlaki mama yake na siri yote mdomoni. Lakini mimi nilijua fremu ya aina moja tu. Na nilijua maana ya "akifika kila kitu kiwe tayari."

Nikageuka. Ambokile alikuwa ameshika ile picha, nakala yake ambayo mama mdogo alikuwa nayo siku zote: koti la kuazima, kola pana, maporomoko. Akaiweka juu ya goti, akachukua penseli na rula, akaanza kumpigia mama mistari usoni, mmoja kwenda chini, mwingine kwenda pembeni, mpaka mama akawa nyuma ya wavu. Siku hizi najua kwamba ndivyo wachoraji wanavyofanya ili wasipoteze vipimo. Siku ile niliona mama amenaswa.

Sikulia. Hilo ndilo lililomsumbua mama mdogo baadaye, kwamba sikulia. Mchana waliniwekea wali na usipa, sikula. Tusa akanipa mua, nikaushika tu mkononi. Nilikaa mkabala na ukuta nikamwangalia Ambokile akimtoa mama kipande kwa kipande, kola kwanza, halafu shingo, kisha mkono ulioinuliwa na chungu kichwani, chekundu shingoni na vistari vyeupe kama vya kweli. Uso aliuacha mwisho. Alasiri ikafika, na mama alikuwa ananiangalia kutoka ukutani, mkubwa kuliko mlango, kimya.

Ambokile akaenda kunywa chai. Watu waliokuwa wakimtazama wakatawanyika. Nikatembea hadi ukutani, nikapanda kwenye kigoda chake, nikaweka viganja vyangu viwili kwenye mashavu ya mama na kuanza kufuta. Rangi ilikuwa mbichi. Ilikuja mikononi, kwenye nywele, kwenye gauni, na kadiri nilivyofuta ndivyo uso ulivyozidi kutanda, lakini niliona nafanikiwa, maana sasa hakuwa mama tena.

"Wewe! Wewe mtoto!" Ambokile alikuja anakimbia, kikombe mkononi. Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Mama mdogo akafika, akashika mdomo. "Kyala wangu, Mungu wangu! Umefanya nini?"

Ndipo sauti ikanitoka. "Hajafa! Mtoeni kwenye fremu! Mama yangu hajafa!"

Mafundi wote walikuwa wamesimama, mmoja bado ana pini mdomoni. Ambokile aliangalia ukuta wake ulioharibika, akaniangalia mimi, akaangalia ile picha ndogo. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa sababu aliweka kikombe chini polepole akasema, "Dada Sekela, huyu baba kwenye picha ndiye marehemu?"

Mama mdogo alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Akanivuta, akanikumbatia na rangi yangu yote, akasema mama hajafa, mama yuko Tukuyu, fremu ni duka, ona, huu hapa mlango, hiki hapa kitasa. Akafungua mlango akanionesha chumba kitupu na rafu mpya ambazo seremala alikuwa ameleta. Nilitazama kila kitu alichonionesha. Sikuamini hata kimoja.

Mama hakuwa na simu siku zile. Nyumba nyingi za kwetu hazikuwa nayo. Hapakuwa na namna ya kunisikizisha sauti yake. Wakaniogesha kwa mafuta ya taa na sabuni, rangi ikatoka isipokuwa kwenye kucha. Usiku nililala katikati ya Tusa na mama yake.

Jumapili mama mdogo alikuwa aongoze wimbo kanisani. Alikuwa amefanya mazoezi ya wimbo ule kwa muda mrefu, na amejishonea gauni jipya lenye mabega ya kuvimba. Alilivaa. Tusa akamfungia vifungo. Tukatoka, na tulipofika njia panda ya kuelekea kanisani, mimi nikaketi chini, pale ambapo magari ya Tukuyu hupita.

"Twende, mwanangu. Mama atatukuta kanisani."

Nikatikisa kichwa.

"Mama anarudi. Si nimekwambia?"

"Na baba ulisema anarudi," nikasema.

Sikusema kwa hasira, mtoto wa umri ule hana hasira ya namna hiyo. Nilikuwa namkumbusha tu. Lakini nilimwona mama mdogo akibadilika uso. Kengele ilikuwa inalia. Wanakwaya wenzake walipita wakamwita kwa mikono, naye akamkabidhi Tusa kitabu cha nyimbo. "Waambie aimbe mwingine. Mimi siji." Kisha akaketi kando yangu kwenye nyasi, gauni jipya na mabega yake.

Akanishika mkono. Kisha akasema, "Baba yako alifariki. Unajua maana yake?"

"Hatarudi."

"Hatarudi. Nilikuwa najua, nikakwambia atarudi, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukwambia jingine. Alifika siku ile tukamzika kule juu kwenye migomba, wewe ukiwa unacheza kwa watu. Ile picha tuliiweka ili tumwone, wala haikumchukua. Ugonjwa wa kifua ndio uliomchukua."

Nilimwuliza kama picha ya mama itamchukua. Akasema hapana. Nikamwuliza anajuaje. Mtu mwingine angeapa, angenitisha au angeninunulia andazi. Yeye alisema, "Sina cha kukuonesha. Basi tutakaa hapa mpaka umwone kwa macho yako."

Na tukakaa. Jua likapanda, akanifunika kichwa kwa khanga yake. Watu wakatoka kanisani, wakatusalimia, wengine wakauliza kulikoni, naye akawajibu, "Tunamsubiri dada," kama vile hakuna la ajabu. Kila gari lililosimama nilinyanyuka, na kila lilipoondoka nikakaa tena, naye hakusema hata mara moja kwamba litakalofuata ndilo lenyewe. Tusa akatuletea chakula kwenye bakuli lililofunikwa, sikugusa.

Alasiri likaja gari dogo la mizigo limebeba ndizi. Nyuma, juu ya mikungu, alikaa mwanamke amejifunga kitenge kichwani, na matenga matupu yamelala miguuni mwake. Nilimwona akigonga bodi ya gari ili dereva asimame. Nilimwona akishusha mguu mmoja akilitafuta tairi. Nilikimbia mpaka nikamgonga magotini, karibu aanguke.

"He! Kuna nini?" mama akasema. "Sekela, mtoto ana nini?" Akaniinua. Nikashika uso wake kwa mikono miwili, nikausugua kwa nguvu mashavuni. Haukutoka. Ulikuwa na vumbi, ulikuwa na joto, na mikono iliyonishika ilinukia udongo na moshi. Akaona kucha zangu. "Na hii rangi ya nini?"

Mama mdogo alimsimulia yote tukiwa tunatembea, siri ya duka ikatoka pamoja na mengine bila kumshtukiza mtu. Mama alisikiliza bila kumkatiza mdogo wake. Aliposikia habari ya sisi kumsubiri barabarani alibadilisha mkono akanibeba upande mwingine, akanibana zaidi. Tulipofika nyumbani aliniketisha mapajani, akakoroga wali na usipa kwa vidole vyake, nikala mpaka bakuli likawa jeupe, na dirishani ile harufu ya rangi inaingia kutoka ukutani. Sijala chakula kitamu kama kile.

Kisha tukaenda kuutazama ukuta. Mwanamke wa ukutani alikuwa na kola nzuri, shingo nzuri, chungu kizuri, na usoni wingu la matope. Mama alimtazama kwa muda, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka kweli, na sina hakika kama mwishoni bado kilikuwa kicheko.

"Ambokile yuko wapi?" akauliza.

Ambokile akaja na shati lake la kanisani. "Shikamoo, mama. Ndaga, pole kwa safari. Kesho asubuhi nitaurudia, usijali."

"Marahaba. Urudie leo, nikiwa nimesimama hapa. Mtoto aone."

"Leo Jumapili, mama. Sifanyi kazi."

"Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya sabato, hutamtoa?"

Ambokile akajikuna kichwa, akatazama wale mafundi waliokuwa wameanza kukusanyika na nguo zao za kanisani, akaenda kuchukua brashi. Mama akasimama kando ya ukuta, chungu cha jikoni kwa mama mdogo akakiweka kichwani. Mimi nikasimama katikati yao. Brashi ilipogusa ukuta, jicho moja likatokea. Nikageuka haraka kumtazama mama.

"Nipo," akasema.

Jicho la pili likatokea. Nikageuka.

"Nipo, mwanangu."

"Mama, tulia," Ambokile akalalamika. "Unatikisa uso."

"Nikitulia atalia huyu. Chora hivyohivyo."

Basi akachora hivyohivyo. Ikaja pua, mama akasema pua yake si kubwa kiasi kile, mafundi wakasema hiyo ndiyo yake kabisa, wakabishana. Yakaja mashavu. Kila kilipoongezeka kitu ukutani niligeuka, na kila nilipogeuka nilijibiwa, na kadiri jioni ilivyoingia nikawa nageuka kwa kuchelewa zaidi, mpaka nikasahau kugeuka kwa kuangalia jinsi Ambokile anavyochanganya nyekundu na nyeusi kupata rangi ya midomo. Mama akaendelea kusema tu, "Nipo," hata bila kuulizwa.

Vyungu vya mama viliuzwa kwenye fremu ile kwa miaka mingi, na mimi nilisoma kwa vyungu hivyo. Picha za Ambokile zilijaa Bondeni nzima, na wote aliowachora walikuwa wamefunga midomo, isipokuwa mmoja. Mama peke yake alikuwa ameufungua mdomo, meno yanaonekana, katikati ya neno. Wapita njia walidhani anaita wateja.